Jedwali la mali ya mama mdogo: friza, boti na ng'ombe watano

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhifadhi nakala za hifadhidata, na itakuja, msinichoke. Lakini mwaka jana, kuanzia Machi hadi Agosti, jioni zangu nyingi ziliishia kwenye faili moja la Excel lenye mistari 63. Mwenye faili amenipa ruhusa niandike habari zake mradi nisitaje majina wala ufuo, kwa hiyo hapa chini mtasoma tu mama mdogo na baba mdogo.

Mama mdogo ni kitinda mimba wa bibi yangu hapa Migori. Aliolewa mwaka 2008 upande wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, karibu kabisa na ziwa. Mume mvuvi, mke mchuuzi wa omena. Ndoa ilivunjika, na sababu zake si za ukurasa huu. Alirudi kwa bibi na begi moja na cherehani. Talaka ilipotoka, wakili wake mjini Homa Bay akamwagiza alete orodha ya kila kitu walichokuwa nacho, thamani yake, na nani alikinunua. Akanipigia simu: "Wewe si ndiye ulisomea kompyuta? Njoo uniandikie." Kwetu ukisomea kompyuta unatakiwa kutengeneza hata redio, basi nikapanda matatu.

Swali langu la kwanza kwa wakili lilikuwa kuhusu shamba na nyumba. Mimi nilidhani hapo ndipo penye mali, na sufuria na viti ni vya kugawana kwa aibu. Nyumba yao imejengwa ndani ya boma la babake baba mdogo, kwenye ardhi ya ukoo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 11, inasema mila za jamii husika zizingatiwe wakati wa kugawana, mradi zisipingane na Katiba, pamoja na haki ya vizazi vijavyo kwenye ardhi ya ukoo. Kifungu hichohicho kinataja pia mke aliyeachika na kuifikia na kuitumia ardhi hiyo, lakini mama mdogo hakutaka kurudi kulima mahali ambapo mashemeji wanamhesabia hatua. Wakili akasema wazi: shamba ni la kubishania miaka, na mwisho wake haujulikani. Kilichobaki ni vitu vinavyohamishika.

Hili ndilo jambo ambalo sikuwa nimeliona. Hukumu zinazotajwa magazetini nyingi ni za nyumba za Nairobi na vyumba vya kupangisha. Ukija huku Migori na Homa Bay, watu wengi wamejenga kwenye ardhi ya baba au babu, na hati ya ardhi haina jina la mume wala la mke. Boti, injini, nyavu, friza, pikipiki, ng'ombe na makochi ndiyo mali yote. Ukiviita "vitu vidogo vya ndani" umemwambia mwanamke aondoke na begi.

Haya, turudi kwenye jedwali.

Safu ya bei niliifikiria kuwa kazi ya nusu saa. Nilipoanza nikakuta bei ni tatu. Makochi yalinunuliwa shilingi 38,000 mwaka 2016. Ukiyauza leo Mbita utapata 9,000 kama mnunuzi ana huruma. Ukitaka mengine kama hayo kwa fundi utalipa 45,000. Ni bei gani inaingia? Anayebaki na makochi atasema 9,000, kwa sababu kitu alichochukua kihesabiwe kidogo. Anayeyaacha atasema 45,000, kwa sababu ndizo fedha atakazotoa akaanze upya. Wote wawili wanasema kweli. Tukakubaliana na wakili kwamba jedwali litumie bei ya kuuza leo kwa kila kitu, bila kuchanganya, na bei ya kununulia ikae pembeni kama ushahidi tu.

Kuipata bei ya leo ni kazi nyingine. Kwa shamba unaita mthamini aliyesajiliwa. Kwa friza ya miaka sita unaita fundi wa friji. Nilitazama matangazo ya Jiji na Facebook, lakini bei za Nairobi hazifai huku, ukiongeza usafiri hadi Mbita kitu kinageuka kingine. Fundi aliifungua, akaisikiliza kompresa kama daktari, akasema 16,000. Injini ya boti, Yamaha ya nguvu za farasi 15 iliyonunuliwa ikiwa imetumika, mafundi wawili walisema 130,000 na 125,000. Mtumbwi wenyewe 110,000. Nyavu na taa za sola za kuvulia omena, 45,000. Fundi wa pili wa injini alitaka kujua kwanza anapigia hesabu upande gani, nikamwambia hauna upande, akacheka sana.

Ng'ombe walinipa raha, nikiri. Walikuwa watano. Baba mdogo aliingia kwenye ndoa na jike mmoja. Kifungu cha 5 kinasema mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa ni yako. Sawa, na cherehani ya mama mdogo ikatoka kwenye jedwali kwa kifungu hichohicho, alipewa na bibi kabla hajaolewa. Lakini yule ng'ombe alizaa, na aliyezaliwa akazaa, na mmoja aliuzwa wakanunua wawili. Nilichora ukoo wao kama matawi ya Git, kila ndama na mama yake, nani aliuzwa lini. Sheria hiyo haina neno ndama, nimeisoma yote. Inachosema kifungu cha 9 ni kwamba mali isiyo ya ndoa ikiboreshwa kwa mchango wa mwenzio, naye anapata haki ndani yake kwa kadiri ya mchango huo. Na nani alikata nyasi, nani alitafuta maji wakati wa kiangazi, nani aliita daktari wa mifugo? Baba mdogo usiku yuko ziwani na mchana amelala. Hata watu wa kwake hawakubisha hilo. (Ng'ombe wa mahari nao walizungumzwa, na wazee, kwa sauti ya juu. Hiyo ni mada ya siku nyingine na ya mtu mwenye moyo kuliko mimi.)

Safu iliyonitesa ni ile ya mwisho: mchango.

Kwa wasomaji ambao hawajapitia haya, nieleze kidogo. Hadi mwaka 2013 mahakama zetu zilikuwa zikigawa mali ya wanandoa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Sisi tunalalamika tukirithishwa msimbo wa miaka kumi! Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, majaji watano wa Mahakama ya Rufani walisema kuwa mke na kufanya kazi za mke peke yake hakumpi mtu sehemu ya mali. Katiba ya 2010, ibara ya 45(3), ikaja na usawa wa wanandoa wakati wa ndoa na inapovunjika. Kisha sheria ya 2013 ikaongeza kwamba mchango ni fedha na usio wa fedha pia: kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, kazi ya shamba. Wengi wakasherehekea nusu kwa nusu. Lakini kifungu cha 7 kinasema mali inagawanywa kulingana na mchango, na tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala katika kesi ya JOO na MBO (ndiyo, majina ya herufi tu, kama vigeu vya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza). Ilisema usawa wa ibara ya 45(3) haumaanishi kila mmoja anapewa nusu bila kuonyesha kitu. Kila upande uthibitishe mchango wake. Katika kesi hiyohiyo Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba vya kupangisha, Mahakama ya Rufani ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu ile isimame.

Kwa hiyo mchango wa jikoni unahesabika, lakini ni wewe wa kuuthibitisha. Nani ana risiti ya ugali?

Mimi nikasema M-Pesa itatuokoa. Tuliomba taarifa za malipo kuanzia 2018, nikaandika programu fupi ya Python ya kuzisoma PDF na kuzipanga kwa mwezi. Ilifanya kazi vizuri. Na jibu lake lilikuwa kwamba mama mdogo hakuwahi kuuza hata gorogoro moja ya omena. Sufuri. Maana yeye alikuwa na simu ya mulika mwizi, alikaa ufuoni kuanzia alfajiri, na aliyekwenda mjini kusajili namba ya biashara alikuwa baba mdogo, kwa kitambulisho chake. Wateja wote wa Rongo, Awendo na Migori walilipa kwenye namba ya jina la baba mdogo. Waliolipa taslimu hawamo popote. Boti nayo imesajiliwa kwa jina lake. Ukiisoma PDF kama mashine inavyosoma, ni mwanamume mmoja aliyevua, akaanika, akauza, akanunua injini, na kulikuwa na mwanamke nyumbani.

Hapo kwa jina la boti sheria inasaidia. Kifungu cha 14 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kwamba anaishikilia pia kwa niaba ya mwenzake, hadi athibitishe vinginevyo. Lakini "hadi athibitishe vinginevyo" ndiyo mlango wakili wa upande wa pili alioingilia.

Barua yake ilifika Mei. Ilikiri kwamba mama mdogo alikuwa na biashara ya omena. Ilisema, hata hivyo, kwamba faida ya biashara hiyo haikuingia kwenye mali ya ndoa bali ilitumwa kwao. Ikaambatisha orodha ya miamala 31 ya kati ya 2018 na 2021, jumla shilingi 214,000, yote kwenda namba moja. Namba hiyo ni yangu.

Ni karo yangu, wadau. Mama alipofariki nikiwa kidato cha nne, mama mdogo ndiye aliyesema nitakwenda chuo. Karo, kodi ya chumba, na siku moja shilingi 5,000 za kuongezea laptopu ambayo nilijifunzia kila ninachowaandikia hapa. Sasa nimekaa usiku na jedwali lililotaka nijaze mstari wa 41: matumizi nje ya familia, mpwa wa mke, 214,000. Kifungu cha sheria hakinitaji, lakini mimi ni hoja ya upande wa pili. Kila shahada yangu ilivyozidi kuwa na maana, ndivyo fungu la mama mdogo lilivyopungua.

Nilimuuliza wakili kama niache kazi hiyo wapewe mtu mwingine. Akasema andika mstari huo kama ulivyo, tarehe na kiasi, usiupambe na usiufiche. Nikampigia simu baba mdogo pia, kwa sababu bado ni baba yangu mdogo, na watoto wake ni ndugu zangu. Nikamsalimu, nikamwambia, "Baba, nimeiona orodha. Nakushukuru kwa yale yote." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kijana wangu, injini ya pili uliila wewe huko chuoni." Hakusema kwa hasira. Wakati ule alijua zinatumwa wapi na hakuwahi kukataa, na zile 5,000 za laptopu ni yeye mwenyewe aliyezituma akanipigia kuuliza kama zimefika.

Nilikaa na miamala ile 31 siku kadhaa nikiipanga kwa njia tofauti, kama ninavyofanya hitilafu ikigoma kuonekana. Kisha nikaangalia safu ambayo siku zote nilikuwa nikiipita: mtumaji. Yote 31 ilitoka kwenye namba ya biashara ya baba mdogo. Lazima, maana fedha za omena hazikuwa na mahali pengine pa kukaa. Sasa barua ya wakili wao inasema fedha hizo, zikija kwangu, ni za mama mdogo. Lakini siku ya tarehe 9 Oktoba 2018 zimetoka shilingi 120,000 kwenye namba ileile kwenda kwa muuza injini, na hizo wanasema ni za baba mdogo. Ni chungu kimoja. Haiwezekani maji yawe ya mke yakichotwa kwa mpwa na yawe ya mume yakichotwa kwa injini.

Injini yenyewe ilikuwa 180,000. Na zile 60,000 nyingine? Hizo PDF haikuwa nazo. Zilikuwa kwenye daftari la chama cha akina mama wa ufuoni, daftari la shule la kurasa 96, jalada limeloa mafuta. Oktoba 2018, mkopo 60,000, jina la mama mdogo, na mweka hazina ameandika mbele yake neno moja: injin. Chini yake marejesho ya miezi 14, kila moja na saini. Mweka hazina huyo hajawahi kuona Excel. Alinionyesha daftari kwa masharti nipige picha tu, lisitoke mezani.

Wakili akaandika barua ya ukurasa mmoja, ikiwa na miamala yao wenyewe na picha ya daftari. Hatukufika kusikilizwa. Tuliitwa kukaa pamoja Homa Bay, mawakili wawili, mzee mmoja kutoka kila upande, na mimi na laptopu.

Kwa vitu vya ndani niliwapendekezea njia ya Steven Brams na Alan Taylor, wataalamu wa Marekani walioiandika kwenye kitabu chao cha 1996 kuhusu kugawana kwa haki. Kila mmoja anapewa pointi 100 azigawe kwenye vitu kwa siri, vile anavyovithamini mwenyewe. Kila kitu kinakwenda kwa aliyekiwekea pointi zaidi, kisha unahamisha kimoja kimoja, ukianza na kile ambacho thamani zao zinakaribiana, hadi jumla zilingane. Katika umbo lake la kawaida njia hii inadhani kila mmoja anastahili nusu, kwa hiyo boti na ng'ombe hatukuviingiza, hivyo vilisubiri mchango. Wazee waliitilia shaka hadi walipoona karatasi. Mama mdogo aliiwekea friza pointi 34. Baba mdogo aliiwekea televisheni 38 na friza 6. Walikuwa wamegombania friza miezi minne! Yeye hakuitaka, alikuwa hataki tu aonekane ameitoa. Dakika arobaini vitu vya ndani vikawa vimekwisha, na ndizo dakika pekee za siku ile ambazo watu walicheka.

Boti, injini, nyavu na taa: 285,000. Walikubaliana nusu kwa nusu, boti ibaki kwa mvuvi, naye alipe 142,500 kwa miezi kumi. Ng'ombe wawili majike kwa mama mdogo, watatu pamoja na yule bibi yao kwa baba mdogo. Mstari wa 41 ulifutwa na wakili wao mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Kitu kimoja hakikupata bei, nacho naona kilikuwa na thamani kuliko friza: wateja. Namba ya biashara ilibaki kwa baba mdogo, na wauza omena wapatao 140 walikuwa wameizoea. Mama mdogo aliwajua kwa sauti na kwa soko, lakini namba zao zilikuwa kwenye simu ya mwingine. Kikao kilikubali nizinakili. Amewapigia mmoja mmoja kutoka hapa Migori, wiki tatu nzima, akiwaambia namba mpya. Wengi wamemfuata, si wote.

Mchumba wangu alilisoma jedwali akaniuliza programu yangu ya maduka ya dawa za mifugo itakaa mstari gani. Niliianza kabla hatujakutana, lakini nimeiandika upya mara mbili tangu tukutane, na yeye ndiye anayepokea simu za wateja Jumamosi. Kifungu cha 6(3) kinaruhusu wachumba kuandikiana mkataba kabla ya ndoa. Tumeanza rasimu. Imefika ukurasa wa pili na tumeshagombana mara moja.

Baba mdogo amelipa miezi sita sasa, mara mbili akichelewa kwa sababu ya upepo ziwani. Fedha zinaingia kwa M-Pesa, kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama mdogo. Anayetaka jedwali tupu, lenye zile safu tatu za bei na safu ya mtumaji, aniandikie nitamtumia. Ile programu ya kusoma PDF inahitaji kusafishwa kwanza.